Zumari Iliyoshiba Ubani

Paukwa!

Mbona mnajibu kama watu walioamshwa usingizini? Nimesema, paukwa! Ehe, hiyo sasa ndiyo pakawa. Mikono iendelee kumenya mbaazi, masikio nipeni mimi. Na wewe Mwanasha, acha kula mbaazi mbichi. Tumbo likikuuma usiniite.

Basi zamani, wajukuu zangu, zamani ambayo hata bibi yangu akiisimulia alisema zamani, palikuwa na mji ukiitwa Chandale. Msiutafute, umekwisha kuwa majani. Mji ule ulikuwa na mitaa miwili. Mtaa wa Mlimani, kwenye upepo na nyumba za chokaa, na mtaa wa Bondeni, kwenye visima na minazi. Sisi ni watu wa Bondeni. Nalisema hilo mapema ili mjue naegemea upande gani, maana sitajificha.

Kila mtaa ulikuwa na zumari yake. Si zumari kumi, si zumari mbili. Moja. Zumari ile ilikuwa mpingo mweusi uliotobolewa katikati na kutanuka chini. Juu ilikuwa na kilimi, yaani kipande cha jani la mkindu kilichokunjwa na kufungwa kwa uzi kwenye mrija mwembamba wa shaba. Chini ya kilimi palikuwa na kisahani cha fedha, ambapo mpigaji aliegemeza midomo yake ili upepo usivuje. Hebu jishikeni midomo. Ndiyo, hapo hapo.

Na bibi harusi wa Chandale hakutoka kwao hivi hivi kama mtu anayekwenda kisimani. Hata kidogo! Alitolewa na zumari ya mtaa wake. Zumari ilimwita jina lake mlangoni, akatoka, ikamtangulia njia nzima mpaka mlango wa mume, na njia nzima pumzi isikatike. Nasema isikatike! Mpigaji alivuta hewa kwa pua huku mashavu yakisukuma, akavuta huku yakisukuma, sauti ikaenda moja tu, ndefu, haina fundo. Ikikatika, harusi imevunjika. Bibi harusi aligeuzwa, akarudishwa ndani, akangoja mpaka mavuno mengine.

Na palikuwa na sheria. Zumari iliyokatika mara tatu ilichukuliwa ikatundikwa ukutani kwa Jumbe, mkuu wa mji, isipigwe tena. Tangu siku hiyo mabinti wa mtaa ule wangetolewa kwa zumari ya mtaa wa pili. Mnaelewa maana yake? Binti wa Bondeni aitwe jina lake, mlangoni kwao, kwa mdomo wa Mlimani! Unakuwa mgeni nyumbani kwenu. Ningekufa mimi.

Sasa, zumari ya Bondeni ilikuwa imekatika mara mbili.

Mara ya kwanza ilikatika sokoni. Mara ya pili haikufika hata sokoni, ilikatika kisimani, ikatoa sauti ya mtu anayekabwa, kisha kimya. Mpigaji wa Mlimani, bwana mmoja akiitwa Kirume, mwenye kifua kipana na maneno mengi, alisimama juu ya ukuta akapaza sauti: "Enyi Bondeni! Mnafuga mbuzi au mnafuga zumari? Mpeni asali huyo, anakohoa!" Mlimani nzima ikacheka. Watu wa Bondeni wakarudi nyumbani wakitazama vidole vya miguu yao.

Je, walifanya nini? Walifanya kile walichokuwa wakifanya siku zote, ila wakazidisha. Maana desturi ilikuwa hivi: kabla ya harusi, zumari ililazwa chumbani kwa mwari aliyewekwa ndani, ili ijifunze jina lake. Kungwi wake aliifukiza ubani na udi, moshi uingie huku utokee kule. Kisha akaimiminia mafuta ya nazi yaliyotiwa asumini, ili sauti iwe laini. Hizo ziliitwa baraka. Bibi harusi wa kwanza aliacha baraka yake humo ndani, wa pili akaacha yake, na mama zao, na bibi zao. Ilipokatika mara ya kwanza wakasema, imenuna, iongezwe ubani. Ilipokatika mara ya pili wakasema, imekasirika, iongezwe na mafuta. Na mwiko mkubwa ulikuwa mmoja tu: kisu kisiiguse.

Mnacheka nini? Ngojeni kwanza.

Mpigaji wa Bondeni aliitwa Bwana Shale. Alikuwa fundi hasa. Siku zake za ujana alikuwa akipiga, wanawake wanaacha vyungu vinaungua. Lakini sasa alikuwa mzee, na alikuwa na mjukuu mmoja tu, Tunu, aliyemlea mwenyewe tangu wazazi wake walipofariki. Tunu alikuwa msukaji wa mikeka, mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Akaposwa na Badi, kijana mchoma chokaa wa Mlimani, naye Tunu alimtaka. Sitaki mfikiri alilazimishwa. Alimtaka kweli kweli, alikuwa akisikia jina lake anadondosha ukindu.

Basi Tunu akawekwa ndani, na zumari ikalazwa kando ya kitanda chake. Kungwi wake alikuwa Bi Mwanaamu, mwanamke wa makamo, mkali, mwenye sauti ya kuamrisha hata paka. Alifukiza na kumimina, akafukiza na kumimina, mpaka Tunu akapiga chafya.

Siku moja asubuhi Bwana Shale akaja kumwona mjukuu wake. Akakaa chini, akawa anachezea ncha ya kikoi chake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu." Akaikunja ile ncha ya kikoi, akaikunjua. Kisha akasema, "Tunu, nimefikiri sana. Nitakwenda kwa Jumbe, nimwambie aichukue zumari aitundike sasa hivi, kabla ya harusi yako. Utolewe na Kirume."

"Na Kirume!" Tunu akaruka kitandani. "Babu, unaumwa?"

"Nikipiga itakatika. Najua itakatika. Utarudishwa njiani mbele ya watu, na Badi atangoja mwaka mzima, na watu wa Mlimani wana mabinti wengi. Bora aibu inipate mimi kuliko ikupate wewe."

Yule mzee akalia, wajukuu zangu. Mtu aliyekuwa akipiga vyungu vikaungua, akalia mbele ya mtoto aliyemlea. Tunu akamwonea huruma sana. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa Bondeni, huruma ikageuka hasira.

"Hebu nipe hiyo zumari," akasema. Akaichukua, akautoa mrija wake, akaielekeza dirishani, akafumba jicho moja na kuchungulia kama mnavyochungulia ninyi tundu la mlango watu wazima wakizungumza. Msinitazame hivyo, nawajua.

"Babu, mti huu umetobolewa?"

"Swali gani hilo? Umetobolewa, ndiyo."

"Mwanga hauingii."

Bwana Shale akachungulia. Giza. Akageuza upande wa pili, giza vile vile. Tunu akachukua kijiti cha kuti akaingiza, kikaenda kidogo kikakwama. Alipokitoa kilikuwa kimeshika kitu cheusi, kinene, kinachonata.

"Ubani huu, babu. Na mafuta. Na ubani juu yake, na mafuta tena. Zumari yetu haikununa wala haikukasirika. Imeshiba! Kila harusi tumeilisha, na hakuna siku tuliyoisafisha. Umekuwa ukipuliza ukuta."

Bwana Shale akamtazama. "Lakini hizo ni baraka za wazee wetu. Na kisu ni mwiko."

"Babu," Tunu akasema polepole, "waliotia baraka humu walitaka zumari ilie au inyamaze?"

Mzee akaipokea zumari. Alikaa akishika ule mpingo, akiupapasa juu hadi chini. Mnadhani ni jambo dogo? Kile kitu alipewa na baba yake, na baba yake alipewa na baba yake, na wote walimwambia maneno yale yale. Mwishowe akasema, "Funga mlango."

Wakasubiri mpaka jua la utosini, saa Bi Mwanaamu anapokwenda kulala kidogo. Kisu chake cha kuchania ukindu, chembamba, chenye makali, alikuwa amekiacha mkekani, maana na yeye alikuwa msukaji. Tunu akakifunga kwenye kijiti, akakiingiza ndani ya mpingo, akakwangua. Kwangu, kwangu. Semeni na ninyi. Kwangu, kwangu. Taratibu, asije akaukwaruza mti. Kila kilichotoka alikiweka kwenye sahani, hakutupa hata chembe. Akakwangua, akapangusa kwa kitambaa, akakwangua, mpaka alipoielekeza dirishani akaona duara la mwanga, safi, na ndani ya duara lile akaona jicho la babu yake likimtazama.

"Sasa kilimi," akasema Tunu. "Hiki kimetengenezwa na nani, mwashi? Kinene kama ubao."

"Mimi," akasema babu yake.

"Samahani, babu. Lakini ni kinene."

Nani angekijua kilimi kuliko msukaji wa mikeka? Alichagua kuti changa la mkindu, la katikati, lile ambalo halijafunuka. Alikuwa amekwisha kulichemsha na kulianika kwa kazi ya mikeka, kivulini, si juani, jua hulifanya livunjike. Akalichana, akalikunja, akalifunga kwa uzi.

"Jaribu."

Bwana Shale akajaribu. Mama yangu! Ililia kama kuku anayechinjwa na mtu asiyejua kuchinja. Huko nje jirani mmoja akauliza, "Kwa mwari kuna nini?" Tunu akatengeneza kingine, kinene kidogo. Hicho hakikutoa sauti kabisa. Akatengeneza kingine. Hicho kikatoa sauti, lakini ikawa inatetemeka na kukatika, na pembeni mwa midomo ya mzee upepo ukawa unatoka, fii, fii.

Tunu akamtazama babu yake usoni.

"Babu, na meno?"

"Meno gani?"

"Ndiyo nauliza, meno gani? Yako wapi?"

Bwana Shale akafunika mdomo kwa mkono. Alikuwa amewaficha watu wote, wajukuu zangu. Alikuwa akila wali tu na kusema nyama imemchosha. Meno ya mbele yalikuwa yamekwisha, midomo imeingia ndani, na kile kisahani cha fedha, kidogo na bapa, kilitengenezwa kwa mdomo wa baba yake. Upepo ulivuja kila upande.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba mpigaji wa Bondeni ni kibogoyo? Kirume angetunga wimbo."

"Kirume mwache atunge," akasema Tunu. Akaenda jikoni, akarudi na kifuu cha nazi. Akakikata kipande kipana, akakisugua kwa mchanga, akakitoboa katikati, akakiweka mdomoni kwa babu yake, akakitoa, akakisugua tena. Kifuu kina mviringo wake, mnakijua. Kikaikumbatia ile midomo iliyoingia ndani kama vile kilizaliwa nayo. Akakivika kwenye mrija badala ya kile cha fedha.

"Sasa puliza, babu. Usisukume. Puliza tu."

Akapuliza.

Ah! Ngojeni nipumue. Nikifika hapa mimi hujisikia vibaya kwa raha. Sauti iliyotoka humo, wajukuu zangu, hakuna aliye hai Bondeni aliyekuwa amewahi kuisikia. Nene, pana, tamu, ikajaza chumba, ikatoka dirishani. Jirani aliyekuwa akitwanga akaacha mchi juu. Na mlango ukafunguliwa kwa kishindo.

Bi Mwanaamu! Amesimama, kilemba kimelegea, anatazama kisu chake kilichofungwa kwenye kijiti, anatazama sahani, anatazama kifuu.

"Mmefanya nini?" akasema. "Shale, mmefanya nini? Mmekwangua baraka za mama zetu? Mmeivisha zumari ya mababu kifuu cha jikoni?"

"Bi Mwanaamu, isikilize kwanza," Tunu akamwomba.

"Nimeshaisikia! Mtaa mzima umesikia! Sauti hiyo siijui, si ya kwetu."

"Ndiyo ya kwetu, ilikuwa imezibwa tu. Na baraka hatujazitupa. Zote hizi hapa sahanini."

Bi Mwanaamu akaichukua ile sahani kwa mikono miwili, akaifunika kwa kanga, akaikumbatia. Macho yamemwiva. "Nitatembea kwenye harusi yako kwa sababu mimi ni kungwi wako na siwezi kukuacha. Lakini pumzi ikikatika, Tunu, wallahi nitasimama mbele ya mji mzima niseme nani aliyeshika kisu."

"Sema," Tunu akajibu. "Ikikatika, sema."

Siku ya harusi ikafika. Watu wa Mlimani wamejaa njiani. Kirume amekaa juu ya ukuta ule ule, akielekea mlango wa Bwana Shale, zumari yake pajani, amekwisha kulowesha kilimi, kana kwamba Bondeni imekwisha kunyamaza. Alipokiona kile kifuu akacheka mpaka akashika ubavu. "Tazameni! Bondeni wameleta kata ya maji!"

Bwana Shale akakiweka sawa kifuu chake. Akasimama mlangoni kwake, akaweka midomo, akamwita mjukuu wake jina. Tuuunu. Tuuunu. Na Tunu akatoka, amefunikwa shiraa, na nyuma yake Bi Mwanaamu, uso umekunjwa, mkononi chetezo cha makaa.

Wakaenda. Wakafika kisimani, pale ilipokatika. Watu wakanyoosha shingo. Haikukatika. Wakafika sokoni. Haikukatika. Kirume, aliyekuwa akiwafuata, akaacha kucheka. Wakaanza kupanda Mlimani, na njia ile ilikuwa ya mawe, na mzee alikuwa mzee. Jasho likamtiririka. Mashavu yanasukuma, pua inavuta. Tunu ndani ya shiraa anasikiliza kila pumzi, anajua kwamba sauti ikikwama hapa amempoteza Badi, na Bondeni imepoteza jina. Lakini njia ya upepo ilikuwa wazi. Mzee hakuwa anapigana na ukuta tena. Pumzi kidogo aliyokuwa nayo ilimtosha.

Na hapo Bi Mwanaamu, sijui kilichomwingia, mwenyewe hakuwahi kusema, akafungua pindo la kanga yake. Akachota zile baraka zilizokwanguliwa, akazitia kwenye makaa.

Moshi ukapanda. Na harufu yake haikuwa ya ubani mmoja. Ilikuwa ya harusi zote za Bondeni, zimetolewa pamoja. Wanawake waliokuwa wamekaa vizingitini wakainua vichwa. Bibi mmoja kizee, hata kutembea alikuwa hawezi, akasema, "Huo ni udi wangu. Huo niliuchoma siku yangu." Mwingine akasema, "Na asumini ile ni ya mama yangu." Wakatoka, wakafuata, wazee kwa vijana, na vigelegele vikaanza chini Bondeni vikapanda mpaka juu, na juu ya vigelegele vyote ilikuwa ile sauti moja, haina fundo, mpaka mlangoni kwa Badi.

Hapo Bwana Shale akatoa zumari mdomoni. Akatabasamu, mji mzima ukaona hana meno, na wala hakujali.

Jumbe akainuka. Akasema, "Watu wa Bondeni, zumari hii siyo ile niliyoisikia mwaka jana. Nani ameitengeneza?"

Watu wa Bondeni wakatazamana. Kisu kilikuwa mwiko, mnakumbuka. Bwana Shale akafungua mdomo, lakini kabla hajasema, Bi Mwanaamu akajitokeza mbele, chetezo mkononi, sauti ile ile ya kuamrisha paka.

"Nimeapa nitasema aliyeshika kisu, nami nasema! Aliyeshika kisu ni Tunu, mjukuu wa Shale! Na kisu ni changu! Na mwari ni wangu, na mimi ndiye niliyemfunda! Kuna mwenye neno?"

Hakuna aliyekuwa na neno. Na Kirume, nampa haki yake ijapokuwa ni wa Mlimani, aliiweka zumari yake chini, akaenda kwa Bwana Shale akasema, "Mzee wangu, nionyeshe hicho kifuu." Maana na yake ilikuwa imeanza kukohoa, alikuwa anaficha tu.

Tangu hapo desturi ya Bondeni ikabadilika. Kila mwari, kabla ya kutolewa, alikwangua zumari kwa mkono wake, na alichokikwangua kikachomwa njiani. Kwa hiyo kila bibi harusi alitoka na moshi wa aliyemtangulia.

Basi mkiachiwa kitu na wakubwa wenu, wanangu, msikipambe mpaka kikashindwa kufanya kazi yake. Kitumieni. Kikizibwa, kizibueni. Kisipowatosha mdomoni, kikateni kiwatoshe. Anayeogopa kukigusa hakipendi kuliko anayekisafisha. Na msione haya, sisi ni kizazi cha Tunu. Bibi yangu alikuwa mjukuu wa mjukuu wake, na vidole hivi mnavyoviona ni vyake.

Mnadhani nawatungia? Mwanasha, inuka. Kile kilichofungwa kwenye kitambaa juu ya kabati, kilete. Polepole! Ehe. Kiguseni wote, ndiyo zumari yenyewe, na hicho juu yake ndicho kifuu. Kimepasuka kidogo, lakini ni chenyewe. Na zumari huwa naipaka mafuta mwenyewe kila Ijumaa, na kuifukiza, haikosi hata wiki moja. Sasa ielekeze mlangoni, chungulia. Unaona nini?

Unasemaje?

Huoni kitu?

Leta hapa. Hmm. Hebu geuza. Hmm.

Mwanasha, mwanangu, kalete kisu cha ukindu. Na sahani. Mnaocheka, menyeni mbaazi.

Na hadithi imefika mlangoni, imeshusha mzigo wake. Aliyeusikia aubebe, aliyesinzia aulize mwenzake, na mimi msimulizi nipisheni kwenye mwanga, nina kazi.